Usiku wa Wino: Filamu ya Uhalifu Inapotoka Kwenye Katuni



Frank Miller alianza kuchapisha hadithi za Sin City mwaka 1991, kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kijivu karibu hakuna. Mwaka 2005 Robert Rodriguez alizitoa kama filamu, naye aliufuata ukurasa kisanduku kwa kisanduku. Waigizaji walisimama mbele ya pazia la kijani huko Texas. Mji wenyewe ulijazwa baadaye kwa kompyuta. Rodriguez alitaka Miller atajwe kuwa mwongozaji mwenzake. Chama cha waongozaji wa Marekani kilipokataa, alijitoa chamani. Uamuzi huo naupenda sana, kwa kuwa anayechagua pa kuweka kivuli ameshaongoza filamu kabla kamera haijawashwa.

Tazameni tukio la kwanza, lile Rodriguez alilolipiga mapema ili kumshawishi Miller. Mwanamke yuko juu ya mji, usiku, gauni jekundu, vingine vyote vyeusi na vyeupe. Mwanamume anamwashia sigara, na kwa mwanga wa kiberiti macho ya mwanamke yanageuka kijani. Wanakumbatiana. Risasi inampata mwanamke akiwa mikononi mwa mwanamume huyo.

Uzuri huo ndio unaonitia shaka. Katika Sin City damu mara nyingi ni nyeupe kama chokaa, na wengi wanaokufa hawana wa kuwalilia. Hapa kwetu Likasi, Kongo, mtu akiuawa kuna kilio. Viti vinapangwa nje, mama wanaketi chini kwenye mikeka, majirani wa mitaa ya Kikula na Panda wanakuja usiku, na kila anayeingia anauliza ilikuwaje. Maswali hayo ni upelelezi tayari! Filamu ya uhalifu itakayotoka kwetu ikikiruka kilio itakuwa imeazima kivuli cha watu wengine.

Mwongozaji Mkongo Djo Tunda wa Munga alilielewa jambo hili katika Viva Riva!, filamu yake ya mwaka 2010. Riva anarudi Kinshasa na mafuta ya wizi kutoka Angola, wakati jiji halina petroli. Kuna bunduki, kuna starehe, kuna majambazi wanaomsaka. Lakini kuna pia ziara kwa wazazi wake, na baba asiyemkaribisha. Tukio hilo fupi linanipa uzito ambao Sin City yote hainipi.

Wachoraji hatuna haja ya kuwatafuta mbali. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alichora Mandrill pamoja na mwandishi Frank Giroud, hadithi za uhalifu katika Paris ya baada ya vita. Mkono wa Mkongo umeshauchora usiku wa Paris. Ninyi vijana, nawaomba usiku wa Shituru, hapa Likasi: zamu inayotoka kiwandani, taa chache, mtu mmoja ambaye hakufika nyumbani, na watu wake wanaomuulizia. Uchoreni wote kwanza, hadi kisanduku cha mwisho, ndipo mtafute kamera.