Kurudi Pwani Si Woga

(Mazungumzo na vikundi vya vijana na wavuvi, Mama Ngina, Mombasa)

 

Kwanza nawashukuru kwa kuniita. Mimi si nahodha. Mimi ni mfanyakazi wa huduma za jamii, na mashua naijua kwa kupanda tu. Lakini mliponiambia mwataka kuandaa mashindano ya mashua wakati wa sikukuu, nikasema hapo nina neno. Sikuja kuwakataza. Nimekuja kuwaomba mweke kanuni moja.

Hebu niwapeleke mbali kidogo. Kule Marekani kuna ziwa liitwalo Michigan. Maji yake ni matamu, hayana chumvi, lakini ni kubwa kama bahari: ukisimama Chicago huoni ng'ambo. Kwa kawaida kila Julai mashua za tanga hushindana kutoka Chicago hadi kisiwa cha Mackinac. Mwendo ni maili 333, yaani zaidi ya kilomita 530. Ni mbali kuliko kutoka hapa mpaka Nairobi, tena kwa upepo mtupu, mchana na usiku. Walianza mwaka 1898 na mashua tano tu.

Wengi wa wanaoshindana si mabaharia wa kazi. Ni watu wa ofisini na wa dukani, waliojifunza tanga kwa kulipenda. Aliyekwenda mara 25 huitwa "mbuzi mzee", na hilo kwao ni jina la heshima! Hapa kwetu ukimwita mzee wa watu mbuzi, mtagombana.

Sasa msidhani maji matamu ni mapole. Mawimbi ya ziwani huwa mafupi na yamekaribiana. Chombo hakijamaliza kupanda moja, la pili limeshafika. Mwaka 1937 mashua 42 ziliondoka, zikafika 8 tu. Mwaka 1970 upepo uliwashika tena. Katika mashua 167, mashua 88 ziliacha kushindana zikakimbilia bandarini. Zaidi ya nusu, jamani! Na tangu 1898 hadi 2011, miaka zaidi ya mia moja, hakufa baharia hata mmoja kwa ajali ya chombo katika mashindano hayo. Mimi hesabu hiyo naisoma hivi: wale waliokubali kurudi ndio waliozeeka wakaitwa mbuzi wazee.

Mwaka 2011 mambo yakageuka. Usiku wa Julai ilikuja dhoruba kali. Mashua moja, WingNuts, ilikuwa na watu wanane. Ilikuwa nyepesi ya mbio, yenye mabawa ubavuni ya kukalia. Upepo ukaipindua. Mashua nyingine, mshindani wao, ikaacha mbio ikaja kuwaokoa sita. Wawili, mwanamume na mwanamke, walikufa. Watu wale walikuwa na uzoefu na walikuwa wamevaa majaketi ya kuokolea. Wachunguzi walisema chombo chenyewe hakikufaa kwa safari ile. Hakikuwa na uthabiti wa kutosha. Basi kosa halikuanza ndani ya dhoruba. Lilianza nchi kavu, siku waliposema, "Hiki kitatufikisha."

Nasi tuna yetu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, hapo juu ya mkondo huu huu wa Kilindini tunaoutazama, wakafa watu 272. Haikuwa bahari kuu, wala hayakuwa mashindano. Ilikuwa karibu na nchi kavu, watu wanakwenda kazini. Maji hayaulizi kama ulikwenda mbali.

Sasa niwaambie kilichonileta. Katika kazi yangu niliwahi kumtembelea mama mmoja kijana, mumewe mvuvi. Ilikuwa kipindi cha kusi. Mume alitoka alfajiri, akaona bahari imechafuka, akarudi. Wenzake wakamcheka pale bandarini: "Wewe nenda ukamsaidie mkeo kukuna nazi." Kesho yake bahari ilikuwa vile vile. Akatoka. Hakurudi tena. Chombo kilionekana, yeye hakuonekana.

Mnafikiri mambo yaliishia hapo? Mwili usipopatikana, cheti cha kifo hakipatikani kwa urahisi. Kwa sheria ya Kenya, mtu asiyesikika miaka saba ndipo huchukuliwa kuwa amefariki. Kwa hiyo yule mama alikuwa si mke, si mjane. Akiba ya mumewe kwenye chama hakuweza kuichukua. Kila ofisi iliuliza cheti. Watoto waliuliza baba yuko wapi. Na wale waliocheka? Walichanga pesa za matanga, kisha kila mtu akarudi kwa shughuli zake. Hawakuwa watu wabaya. Hawakujua kwamba kicheko kina uzito kuliko nanga.

Vijana, mimi nimekaa na akina mama wengi waliofiwa na bahari. Sijasikia hata mmoja akisema, "Afadhali alikufa kuliko kuchekwa."

Basi kanuni ninayoomba ni hii. Siku ya mashindano, nahodha akirudi kwa sababu ya hali ya hewa, aitwe mbele ya watu pamoja na mshindi, apigiwe makofi. Na anayeacha mbio kumwokoa mwenzake asihesabiwe ameshindwa. Hili si wazo langu. Kanuni za tanga za dunia nzima zinamlazimu kila mshindani kumsaidia aliye hatarini, na aliyepoteza nafasi kwa kusaidia anaweza kulipwa nafasi yake.

Mengine mwayajua kunishinda. Sikilizeni taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka. Kila mtu avae jaketi, si kulikalia kama mto. Kila chombo kikaguliwe na wazee wa BMU siku moja kabla, na kisichofaa kibaki ufuoni hata kama ni cha mwenyekiti. Majina ya waliomo yaandikwe yaachwe pwani, ili tujue tunamsubiri nani.

Namalizia kwa Injili. Ziwa la Galilaya nalo ni maji matamu. Usiku ule wa dhoruba, Yesu alikuwa amelala chomboni, na waliokuwa naye kadhaa walikuwa wavuvi, watu waliozaliwa penye ziwa lile. Wangeweza kuona haya kumwamsha seremala awasaidie kazi yao wenyewe. Hawakuona haya. Walipiga kelele. Kwa hiyo walifika ng'ambo.

Jumapili jioni watu wote wa Mombasa huja kukaa hapa ukutani, wanakula mihogo na madafu, wanatazama meli zikiingia. Siku ya mashindano watakaa papo hapo kuwatazama ninyi. Wa kwanza kufika tutamshangilia. Wa mwisho naye, na aliyegeuza tanga akarudi, tutawangoja mpaka tuwahesabu wote.