Nani Amlee Mwanasayansi Kijana?

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu, ndugu wanachama wenzangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa wazee wenu tumekalia viti vyote:

Nilipoandikiwa barua ya kuja kusema hapa niliombwa nizungumzie Sayansi na Maendeleo ya Taifa. Mada hiyo ni kubwa, na wapo wanaolipwa mshahara kwa kuizungumzia. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti nitasema juu ya jambo dogo zaidi, ambalo nimeliona kwa macho yangu tangu nilipoajiriwa mwaka 1986 kuwa mtafiti wa udongo mpaka nilipostaafu. Jambo lenyewe ni hili: kijana akishapata shahada yake ya sayansi, nani anamlea?

Nasema kumlea, sisemi kumfundisha. Kufundishwa amefundishwa. Lakini hakuna darasa linalomwambia kijana namna ya kuandika maombi ya fedha za utafiti, au jina la nani litangulie katika makala iliyoandikwa na watu wanne, au namna ya kumwambia mkubwa wake kwa adabu kwamba hesabu zake zina kasoro. Mambo haya hupokewa kwa mdomo, kutoka kwa mtu aliyetangulia. Asiyempata mtu huyo hubaki kubahatisha.

Wazee mnaijua habari ya Erasto Mpemba, lakini vijana huenda hamjaisikia yote. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe, ndipo wanayaweka katika jokofu. Siku hiyo nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo. Mwenzake mmoja akaweka ya kwake bila kuyachemsha, na Mpemba, asije akakosa nafasi, akayaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado. Alipomwuliza mwalimu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akaambiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba na si fizikia ya watu wote. Darasa zima likafanya mzaha.

Kisha akaja mgeni. Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifika shuleni kutoa mhadhara. Mpemba akasimama, akauliza lile lile, wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara alijaribu jambo hilo. Fundi akaleta majibu kwamba ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na jina la kijana wetu likaingia katika vitabu vya fizikia. Wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 wawili kule Uingereza walipima upya, nao hawakuridhika kwamba jambo hilo lipo. Wabishane, hiyo ndiyo sayansi yenyewe.

Ninachowaomba mkitazame ni ile bahati. Kama Osborne angekwenda shule nyingine, swali lile lingekufa bwenini. Sasa jiulizeni ni maswali mangapi yamekufa bila mgeni kufika. Siwezi kuwatajia idadi. Lakini nchi haiwezi kupata wanasayansi kwa kutegemea wageni wanaopita.

Katika kituo changu cha kwanza tulikuwa vijana kumi na mmoja chini ya msimamizi mmoja na Landrover moja. Mzee yule alikuwa mtu mwema na hodari, lakini mtu mmoja hagawanyiki mara kumi na moja. Waliokuwa jasiri wa kugonga mlango walipata muda wake. Wenye haya, na wengi wetu tuliotoka shule za bweni tulikuwa na haya mbele ya wakubwa, walikaa miezi bila kusemeshwa neno. Ndipo wanne wetu tukaanza kukutana kila baada ya wiki mbili, jioni, nyuma ya maabara, pamoja na fundi sanifu mmoja mzee aliyekwisha kuwaona wataalamu wakija na kuondoka kwa miaka ishirini. Kila mmoja alileta jambo moja lililomshinda. Sheria ilikuwa moja: hakuna kutoa ushauri kabla ya kuuliza maswali matatu. Yule fundi ndiye aliyeileta sheria hiyo, maana alisema wasomi wana haraka ya kujibu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba jambo hilo lina wataalamu wake. Mwingereza mmoja, Reg Revans, aliyekuwa mtafiti kijana wa fizikia katika maabara ya Cavendish kule Cambridge, aliingia baadaye katika shirika la makaa ya mawe la nchi yake. Huko aliwakutanisha mameneja wa migodi katika vikundi vidogo, waulizane maswali juu ya matatizo yao wenyewe badala ya kumsikiliza mhadhiri. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mjini Nairobi mwaka 1970, kilianza mwaka 1983 kuwakusanya vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika wafanye utafiti wao wa shahada ya uzamivu kwa pamoja, huku wakiwa wameandikishwa katika vyuo vikuu vya Afrika. Mpango wa AWARD nao, ulioanzishwa Nairobi mwaka 2008 kwa ajili ya wanawake walio katika utafiti wa kilimo, uliweka utaratibu ninaoupenda sana: mwanamke anayelelewa na aliyemtangulia, naye amlee aliye nyuma yake.

Faida ya kundi si kuokoa muda wa wazee tu. Kijana akikaa peke yake na mzee, husikia hekima. Akikaa na vijana wenzake sita, husikia kwamba aibu yake si yake peke yake.

Nitatoa mfano, na mwenyewe ameniruhusu bila kutaja jina. Kijana mmoja aliyemaliza Kidato cha Sita hapa hapa alipata shahada ya biolojia, akafanya kazi ya mkataba katika maabara, akaandika makala yake ya kwanza na kuipeleka katika jarida la kitaalamu. Baada ya miezi mitano alijibiwa kwa kurasa tatu za lawama. Aliisoma barua usiku mmoja, akaifungia kabatini, na hakumwambia mtu. Mkataba ukaisha, akaanza kuuza vifuniko vya simu. Nilipokutana naye msibani na kumwomba anionyeshe barua ile, ulikuwa umepita mwezi wa nane. Ndugu zangu, barua haikuwa imeikataa makala! Mhariri alikuwa anamwomba arekebishe na kuirudisha katika siku tisini. Mtu yeyote aliyewahi kupokea barua ya namna hiyo angemwambia hivyo kwa dakika tano. Hakuwa na mtu huyo. Ameiandika upya sasa, ameipeleka jarida jingine, na anangoja jibu. Vifuniko bado anauza.

Kundi lina hatari zake. Wasipoangalia litageuka kijiwe cha kulalamikia wakubwa. Mzee anayependa kusikia sauti yake, nao tunawafahamu, anaweza kuliua kwa kikao kimoja. Na mkubwa wa kazi asiwe mlezi katika kundi la wale anaowaandikia taarifa za utendaji, maana hakuna atakayemwambia kweli. Kwa maoni yangu vijana wasizidi wanane, wazee wawe wawili, na mmoja wao atoke katika fani nyingine kabisa, ili aulize maswali ya kijinga. Tena wakutane ana kwa ana. Kundi la simu tayari tunalo, nalo ni la salamu za asubuhi na michango ya harusi.

Ndugu Mwenyekiti, najua kamati inafikiria kujenga lango jipya la shule. Silipingi lango. Lakini jambo ninalolipendekeza linahitaji chai, nauli, na Jumamosi moja kwa mwezi. Tunaweza kuanza na makundi mawili, moja Dar es Salaam na jingine Morogoro, ambako wenzetu wengi wako karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine. Kikao cha kwanza kiwe Jumamosi ya mwisho ya Januari, na kila kijana aje na karatasi moja iliyomshinda: barua, ripoti au maombi ya kazi.

Nanyi wa Kidato cha Tano na cha Sita msingoje shahada. Chagueni wanne, na kila baada ya zoezi la maabara kila mmoja aseme ni wapi majibu yake yalikataa kufanana na ya kitabu. Mkicheka, chekeni baada ya kulirudia jaribio.

Mweka Hazina ameweka karatasi mbili mezani pale mlangoni. Ya vijana ilijaa kabla ya chai ya saa nne. Ya walezi ina mistari kumi na miwili, na nilipopita asubuhi ilikuwa na majina mawili, moja likiwa la kwangu. Kalamu imefungwa kwa uzi, ipo pale pale.