Siri ya Yezebeli na Siri ya Obadia

Katika Biblia, anayekusudia kumdhuru mwenzake mara nyingi hutafuta kwanza mahali pa kujificha. Kaini alimwua Habili wakiwa kondeni. Ndugu za Yusufu walipokwisha kumwuza, waliichovya kanzu yake katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao na kumtaka aitambue. Hawakusema kwamba Yusufu ameliwa na mnyama; walimwachia mzee Yakobo aseme mwenyewe. Hila hujengwa hata pasipo kuutamka uongo mkuu.

Mfalme Daudi naye aliingia katika njia hiyo. Baada ya Bathsheba, mke wa askari wake Uria, kushika mimba yake, Daudi alimwita Uria kutoka vitani ili alale nyumbani kwake, na mimba ionekane kuwa ya mumewe. Uria alikataa kustarehe wakati wenzake wako vitani. Ndipo Daudi alipomwandikia jemadari Yoabu barua ya kuagiza Uria awekwe penye mapigano makali, kisha aachwe peke yake. Barua hiyo aliibeba Uria mwenyewe, bila kujua kwamba amebeba kifo chake.

Hila iliyopangwa kwa ustadi zaidi ni ile ya shamba la mizabibu la Nabothi, huko Yezreeli. Mfalme Ahabu alilitaka shamba hilo liwe bustani ya mboga. Nabothi alikataa kuliuza, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazituma kwa wazee wa mji. Aliagiza itangazwe siku ya kufunga, Nabothi aketishwe mbele ya watu, kisha mashahidi wawili wamshtaki kwamba amemlaani Mungu na mfalme. Torati ilidai mashahidi wawili kabla ya mtu kuhukumiwa kifo, na mashahidi wawili walipatikana. Ibada ilifanyika, baraza likaketi, hukumu ikatolewa, na mtu asiye na hatia akapigwa mawe hadi kufa. Ubaya wa hila hii ni kwamba sheria iliyowekwa kumlinda Nabothi ndiyo iliyotumiwa kumwua.

Mambo hayo yote hayakubaki gizani. Nabii Nathani alimkabili Daudi na kumwambia kwamba alilolifanya kwa siri litalipwa mbele ya Israeli yote. Nabii Eliya alimkuta Ahabu ndani ya shamba lilelile alilokwenda kulitwaa. Katika Agano Jipya, Anania na Safira walificha sehemu ya fedha za kiwanja walichouza, huku wakijionyesha kuwa wametoa zote. Petro alimweleza Anania kwamba kiwanja kilikuwa chao na fedha zilikuwa zao. Kosa lao lilikuwa kudanganya.

Hata hivyo, Biblia hailaani kila jambo linalofichwa. Wakati Yezebeli alipokuwa akiwaua manabii, Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, aliwaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji. Mama yake Musa alimficha mtoto wake miezi mitatu ili asiuawe. Yusufu, mchumba wa Mariamu, alitaka kumwacha kwa siri ili asimwaibishe. Yesu naye alifundisha kwamba sadaka na sala zifanywe sirini, bila kutafuta sifa za watu.

Tofauti iko katika nani analindwa na nani anayelipa gharama. Obadia alihatarisha maisha yake ili wengine waishi. Yezebeli alimtoa Nabothi auawe ili mumewe apate bustani. Siri inayomkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu ni huruma. Siri inayomkinga mwenye nguvu asiulizwe alichomtendea mnyonge ni dalili ya uovu, hata ikifunikwa kwa muhuri wa mfalme na saumu ya mji mzima.