Saa 14, kwa saa ya nani?



Wiki hii nataka tuzungumzie swali tunaloulizana sana kwenye misiba na harusi: "Kutoka New York hadi huku ni saa ngapi?" Jibu lipo, lakini ukilichukua nusu litakugharimu. Mimi limenigharimu.

Kwa njia ya anga, New York na Nairobi zimeachana kwa kilomita zipatazo 11,800. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kati ya miji hiyo Oktoba 28, 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787, ambayo ikiwa angani huenda kama kilomita 900 kwa saa. Mtoto wa shule atagawanya na kukujibu: saa 13. Lakini kupaa na kutua kuna muda wake, na upepo nao una yake. Kule juu, kimo cha kilomita kumi hivi, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekuja huku unamsukuma; anayekwenda Marekani unamkabili. Ndiyo maana kuja huhesabiwa saa 14 na kwenda saa 15, ingawa umbali ni ule ule.

Hayo yote niliyajua mjomba wangu alipofariki hapa Dar es Salaam, mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita. Mwanawe alipiga simu kutoka New York: "Kaka, naondoka Alhamisi saa sita mchana. Ni saa 14 tu mpaka Nairobi." Wazee wakanigeukia mimi, mtu wa redio, niwapigie hesabu. Nikasema: saa sita mchana, ongeza 14, ni saa nane usiku. Alfajiri ya Ijumaa yuko hapa. Mazishi yakapangwa Ijumaa saa nne asubuhi.

Msikilizaji, saa nane usiku ile ilikuwa ya New York! Kipindi kile New York ilikuwa nyuma yetu kwa saa saba. Majira yao ya baridi huwa saa nane. Kwa saa yetu, ndugu yangu alitua Nairobi saa tatu asubuhi. Bado alikuwa na ndege nyingine ya kusubiri. Sisi alfajiri tulipiga simu yake, haikupatikana. Mchungaji alikuwa na ibada nyingine mchana. Wazee wakasema tuendelee, kijana atatukuta makaburini.

Alifika Kinondoni alasiri. Udongo ulikuwa bado mbichi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu yako akikwambia safari ni saa kadhaa, muulize mambo matatu. Ataondoka saa ngapi kwa saa ya huku? Atabadili ndege wapi, na atasubiri muda gani? Na kutoka uwanjani hadi mlangoni ni mwendo wa saa ngapi? Ziandike zote kwa saa ya nyumbani, kisha uzijumlishe. Tiketi huandikwa saa ya kule ndege inakoondokea na saa ya kule inakotua, usizichanganye.

Umbali wa viwanja viwili haubadiliki. Kinachotupotosha ni saa ya ukutani.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.