Kazi Ina Mlango Wake: Namna ya Kuandika Sivi na Kujibu Mahojiano

Hotuba kwa familia zilizohama na viongozi wao, Malemba-Nkulu



Tangazo la kazi likibandikwa ukutani, maneno mawili husikika. Mhamaji husema: "Hiyo ni ya wenyeji." Mwenyeji husema: "Hiyo ni ya wahamaji, ndio wanaosaidiwa." Wote wawili wanarudi nyumbani bila kuandika hata mstari mmoja, na kila mtu anabaki na chuki yake. Kwa hiyo mazungumzo yetu ya leo juu ya sivi ni mazungumzo ya amani pia.

Sisi watu wa Katanga tunajua chuki ya kazi inafika wapi. Mwaka 1992 kule Likasi, na 1993 kule Kolwezi, neno "wageni wamekamata kazi zetu" lilisaidia kufukuza maelfu ya watu wenye asili ya Kasai. Wengi walipita Kamina kwa gari-moshi, wakiacha nyumba na makaburi ya wazazi wao. Na hapa kwetu, Novemba 2023, baada ya mwendesha pikipiki mmoja kuuawa, hasira iliangukia watu wa asili hiyohiyo. Watu walikufa, familia zikakimbia. Basi tujifunze kutafuta kazi kwa njia iliyo wazi, ili anayepata apate kwa haki na anayekosa ajue sababu.

Kwanza, sivi. Sivi ni karatasi moja au mbili zinazosema wewe ni nani, umesoma nini, umefanya nini, unajua lugha gani, na nani anaweza kukushuhudia. Anza na jina, mahali unapokaa sasa na namba ya simu. Kama simu ni ya jirani, mwambie jirani huyo, asije akakata simu akidhani ni tapeli. Kisha weka kazi ya karibuni juu, na za zamani chini.

Wengi mnasema: "Mimi sijafanya kazi, nimelima na kuvua samaki tu." Hapana. Mama aliyeuza samaki wakavu kutoka Lualaba amenunua, amehesabu, amelipa usafiri, ametunza feza. Aandike hivyo. Kijana aliyekuwa kwenye kamati ya maji kambini aandike: "Mwanakamati wa maji, nilisimamia zamu kwenye kisima na kuandika daftari la michango." Aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita watoto kwenye chanjo ni mhamasishaji wa afya, hata kama hakulipwa. Weka idadi unayoijua kweli: familia ngapi, miezi mingapi. Usiandike tu "mimi ni mchapakazi". Kila mtu anaandika hivyo.

Msione haya kwa miaka ya kukimbia. Andika "kuhama kwa sababu ya vita", halafu useme ulifanya nini wakati huo. Lakini msidanganye. Mashirika hupiga simu kwa wale uliowataja, na uongo mmoja unaharibu ukweli wote uliobaki.

Pili, makaratasi. Wengine wenu vyeti viliungua pamoja na nyumba. Nendeni kwa wakubwa wa serikali mkaombe hati ya kupoteza vyeti. Ombeni pia shule yenu, kama ipo bado, itoe ushuhuda wa masomo. Karte ya uchaguzi hutumika kama kitambulisho, itunzeni. Matangazo mengi huomba karte ya ONEM, ile Ofisi ya Taifa ya Kazi iliyoundwa mwaka 2002. Ulizeni ofisi yake ya karibu namna ya kujiandikisha. Na kila karatasi ipigeni picha kwa simu, muiache pia kwa ndugu aliye mji mwingine. Maji ya mafuriko na moto havichagui.

Tatu, barua. Iwe ukurasa mmoja. Soma tangazo mara mbili, ujibu kile wanachoomba. Wakitafuta mlinzi, usieleze sana ualimu wako. Tia sahihi, angalia tarehe ya mwisho, na usingoje siku hiyo. Mtu wa Mulongo au wa Mukubu akumbuke njia na mtumbwi.

Nne, mahojiano. Ukiitwa, fika mjini siku moja mbele kama unatoka mbali. Nguo si lazima ziwe mpya, ziwe safi. Salimu wote mezani. Swali la kwanza mara nyingi ni "Jitambulishe." Hapo hawaulizi ukoo wako. Sema kwa dakika mbili umesoma nini, umefanya nini, na kwa nini kazi hii inakufaa.

Halafu watauliza jambo kama hili: "Tueleze siku uliyotatua ugomvi." Jibu kwa hatua nne: hali ilikuwaje, wewe ulipewa nini cha kufanya, ulifanya nini, matokeo yalikuwa nini. Sema "nilifanya", usiseme kila mara "tulifanya", kwa maana wanataka kukujua wewe. Kama hukuelewa Kifaransa chao, omba warudie. Ni heri kuomba kuliko kujibu swali ambalo hawakuuliza. Kama hujui jambo, sema hujui, lakini uko tayari kujifunza.

Tano, haki zenu. Kode ya Kazi ya 2002 inasema muda wa majaribio hauzidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi sita kwa wengine. Saa za kazi hazizidi 45 kwa juma. Kibarua wa siku kwa siku aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo kuisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Wekeni alama kwenye daftari kila siku mnayofanya kazi. Na kina mama wajue: tangu sheria za Julai 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili atie sahihi mkataba.

Sita, kazi haiuzwi. Anayekuomba feza ili jina lako lipite, au anayemuomba binti mwili wake, ni mkosaji. Mwaka 2021 tume huru ilionyesha kwamba wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, mashariki mwa nchi yetu, wanaume waliahidi wanawake kazi kwa njia hiyo, na baadhi yao walikuwa watumishi wa Shirika la Afya Duniani lenyewe. Aibu ni ya aliyeomba, si ya aliyeombwa. Semeni, hata kama mkosaji ni mtu wa shirika letu.

Mwisho, ninyi viongozi. Msitume orodha ya ndugu zenu. Ombeni tangazo libandikwe sokoni, kanisani na kambini siku moja, na lisomwe kwa Kiswahili na Kiluba kwa wasiosoma. Andikeni barua za ushuhuda kwa mhamaji na kwa mwenyeji sawasawa, mkisema mliyoyaona. Matokeo yakitoka, ulizeni sababu mbele ya watu wote kabla uvumi haujazunguka kijiji.

Nafasi ni chache kuliko watu. Si wote watakaopata. Lakini aliyekosa kwa haki anaweza kukaa jirani na aliyepata. Hilo ndilo tunalolitafuta hapa Malemba. Kila mwenye daftari alifungue sasa, tuandike mstari wa kwanza pamoja. Asiyejua kuandika akae karibu na anayejua.