Manowari Iliyojificha Mawinguni

Leo, msikilizaji, tunakwenda mji wa Normal, jimbo la Illinois, Marekani, mwaka 1977. Kampuni ndogo iitwayo Game Designers' Workshop, iliyozaliwa mjini humo mwaka 1973, inatoa kisanduku chenye vijitabu vitatu vya majalada meusi. Ni mchezo uitwao Traveller, na mtunzi wake ni Marc Miller, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la Marekani. Juu ya kisanduku huoni roketi wala nyota. Kuna maandishi tu: wito wa meli ya biashara, Beowulf, iliyoshambuliwa huko angani na inayomwomba yeyote anayeisikia aje kuiokoa.

Nani atakuja? Swali hilo ndilo limenifanya nikuletee habari hii leo.

Mchezo wenyewe huchezwa mezani, kwa karatasi, penseli na dadu. Mmoja ni msimulizi na mwamuzi, wengine kila mtu anaigiza mhusika wake: baharia mstaafu, mchuuzi, askari aliyerudi uraiani. Na dunia waliyomo ina sheria moja ngumu kuliko zote. Kutoka nyota moja hadi nyingine hakuna simu wala redio ya kuvuka. Habari huenda na chombo, na chombo kikishafanya kile wanachokiita mruko, hupotea kama wiki moja, uwe mwendo wa karibu au wa mbali, ndipo kiibuke upande wa pili. Sasa piga hesabu. Adui akikuvamia leo, jirani yako atapata habari wiki ijayo, na msaada wake utachukua wiki nyingine njiani. Kwa siku hizo 14, msikilizaji, una kile tu ulichonacho nyumbani.

Kilichopo nyumbani ni manowari ndogo ya ulinzi. Mwaka 1980 kampuni ile ilitoa kijitabu kiitwacho Traders and Gunboats, yaani vyombo vya wafanyabiashara na mashua za mizinga, na humo ikachorwa na kuelezwa kinagaubaga: chombo cha tani 400. Tani hapa si uzito. Ni nafasi inayojazwa na tani moja ya hidrojeni ya kimiminika, kama mita 14 za ujazo. Fikiria chumba cha mita 2 kwa 2, chenye kimo cha mita 3 na nusu. Sasa panga vyumba 400 vya namna hiyo, uvizungushie chuma. Ukilinganisha na manowari kubwa za mchezo huo, zinazofika maelfu kwa maelfu ya tani, hiki ni kidagaa.

Lakini kina siri, na siri yenyewe ni kwamba hakiwezi kuruka. Mruko unakula mafuta vibaya sana: kila parseki moja, ambayo ni zaidi ya miaka 3 ya mwendo wa nuru, inataka mafuta ya asilimia 10 ya chombo kizima. Manowari ya tani 400 inayotaka kuruka parseki 2 itatoa vyumba 80 kwa ajili ya mafuta tu, mbali na mtambo wenyewe. Chombo chetu hakina mzigo huo. Nafasi yote ile imegeuzwa kuwa silaha, deraya na injini zinazokiongezea mwendo wa karibu mita 60 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Tani kwa tani, mgeni aliyetoka mbali hakiwezi.

Na sasa sikiliza mtego wake. Kundi la manowari za adui likiibuka kutoka kwenye mruko, matangi yake ni matupu au karibu matupu. Halina njia ya kurudi mpaka lipate hidrojeni, na hidrojeni ya bure iko kwenye sayari kubwa za gesi, za aina ya Mshtarii wetu. Basi meli zinainama, zinashuka kuchota mawingu, zimejaa uzito na mwendo umepungua. Ndani ya mawingu yaleyale, kimya, taa zimezimwa, manowari ndogo inangoja. Pengine imelala chini ya bahari ya sayari nyingine. Kazi ya mabaharia wake, siku nyingi kuliko zote, ni kusubiri na kusikiliza.

Hofu ya mtego huo ilikuwa kubwa kiasi cha kukipa kitabu jina. Mwaka 1979 kilitoka kitabu cha kanuni za kuunda meli kubwa za vita, kikaitwa High Guard, zamu ya juu. Ni zile meli zinazobaki juu kuwalinda wenzao walioshuka kuchota mafuta. Yaani kitabu cha majabari wa anga kimebeba jina la zamu ambayo vyombo vidogo kama hiki ni sababu yake. Mimi naona heshima kubwa kuliko hiyo hakuna.

Fikra yenyewe ni ya kale baharini. Thomas Jefferson, rais wa Marekani tangu 1801 hadi 1809, alijenga zaidi ya mashua 170 za mizinga kulinda pwani, na mabaharia wengi wa meli kubwa walizidharau. Tarehe 14 Desemba 1814, tano kati ya hizo zilikwama bila upepo katika Lake Borgne, karibu na New Orleans. Waingereza, waliokuwa vitani na Marekani, walizijia kwa makasia, mashua zaidi ya 40. Zote tano zilitekwa, na kamanda wa Wamarekani, Thomas ap Catesby Jones, akajeruhiwa. Lakini mji ulikuwa umepata siku za kujiandaa, na tarehe 8 Januari 1815 Waingereza walishindwa vibaya mbele yake.

Turudi angani. Wakati mwingine manowari ndogo huhitajika kwenye nyota nyingine, na kwa kuwa haiwezi kuruka, hubebwa na chombo maalumu cha mruko. Kinaifikisha, kinaiachia, kinageuka na kuondoka. Mabaharia wanakiona kikipotea, kisha wanaelekeza pua ya chombo chao kwenye mawingu na kuanza kushuka. Njia ya kurudi kwao imeondoka nacho.