Redio ya Hapa ni Ipi? Umiliki na Ratiba za Vituo Vidogo Kandokando ya Ziwa Victoria



Kituo cha redio kinapobadilisha mikono, au kinapoamka siku moja na sauti ngeni na muziki mgeni, swali la kwanza mitaani huwa: kimenunuliwa na nani? Ni swali la haki, maana anayelipa umeme wa mnara ana usemi juu ya kinachotoka kwenye mnara. Hoja yangu, hata hivyo, ni kwamba swali hilo limetuziba macho tusilione lililo zito zaidi: ratiba ya vipindi inapangwa wapi, na anayeipanga anamfikiria msikilizaji wa wapi? Mambo haya mawili, umiliki na mahali, tumezoea kuyafunga kwenye kitita kimoja, kana kwamba mwenye kituo akiwa mzawa basi redio ni ya hapa, na akiwa mgeni basi redio imekwenda. Historia ya redio katika kanda hii haisemi hivyo.

Chukueni Radio Kwizera ya Ngara. Ilianzishwa mwaka 1995 na Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, mwaka mmoja baada ya watu wapatao 250,000 kuvuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakitoka Rwanda. Mmiliki wake alikuwa shirika la kimataifa, na wasikilizaji waliolengwa walikuwa watu ambao hakuna aliyejua kama mwaka ujao wangekuwapo. Kweli hawakuwapo: Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, na Warundi wakafuata miaka iliyokuja. Kwa hesabu ya biashara kituo kilichopoteza wasikilizaji wake kinafungwa, vyombo vinauzwa. Badala yake kilikabidhiwa kwa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, kikageuza uso kumtazama mkulima na mfanyabiashara wa pale pale. Mmiliki alibadilika, wasikilizaji walibadilika, vipindi vilibadilika. Studio ilibaki Ngara, na waliokaa ndani yake waliendelea kuyaona kwa macho yao mambo waliyoyatangaza.

Sasa litazameni jiji letu la Mwanza. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipovunja ukiritimba wa serikali, Dar es Salaam ilipata Radio One mwaka 1994, na haikuchukua muda Mwanza ikapata Radio Free Africa, iliyoanzishwa na Anthony Diallo, mfanyabiashara ambaye baadaye alikuwa mbunge na waziri. Kwa mji wa mkoani kuwa na redio yake binafsi mapema kiasi kile lilikuwa jambo kubwa. Kilichofuata ndicho ninachotaka tukitafakari. RFA haikununuliwa na mtu wa Dar es Salaam wala wa Nairobi. Mwenye nayo alibaki yule yule, makao yake yakabaki Mwanza. Lakini ilikua, minara ikaongezeka mkoa kwa mkoa hadi ikawa redio ya taifa, na ndani ya kampuni ya Sahara ikapata ndugu zake, Kiss FM na Star TV. Kituo kinachosikika Mtwara na Mbeya kinalazimika kuzigawa dakika zake kwa taifa zima, na habari ya mwalo mmoja wa Ilemela inashindana na habari za nchi nzima. Silaumu. Kukua ndiyo haki ya kila biashara, na Mwanza ilijivunia kusikika kote. Ninasema tu kwamba umbali kati ya redio na mji wake uliongezeka bila hisa hata moja kuuzwa kwa mgeni. Kule Ngara umiliki ulihama na redio ikabaki. Hapa umiliki ulitulia na redio ikapanuka kutoka mjini kwake.

Kwa nini redio kuuhama mji wake hivi ni rahisi kwetu kuliko kwa majirani? Sababu kubwa, nionavyo, ni lugha. Nchini Kenya kampuni ya Nairobi, Royal Media Services, inamiliki Ramogi FM, lakini haiwezi kumrushia msikilizaji wa Kisumu kipindi kile kile kilichorekodiwa kwa ajili ya mtu wa Nyeri. Kijaluo kinamdai mtangazaji Mjaluo, na mtangazaji huyo huja na mashemeji zake, methali zake na ugomvi wake wa kijijini. Kanuni za Tanzania zinataka utangazaji uwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Sera hiyo ina busara yake, na wanaoitamani njia ya Kenya wakumbuke namna redio za lugha za kikabila zilivyotajwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, hadi mtangazaji mmoja wa Kass FM kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ingawa kesi yake ilikomeshwa mwaka 2016. Lakini busara hiyo ina gharama ambayo hatuisemi. Kipindi cha asubuhi kilichopikwa Mikocheni, Dar es Salaam, kinaingia Nyakato, Magu na Nansio bila kubadilishwa neno. Anayetaka kuiteka Mwanza hahitaji kununua kituo cha Mwanza. Anahitaji masafa na mnara.

Hapo ndipo penye kiini cha uchumi wa jambo hili. Kwa sensa ya 2022 Mkoa wa Mwanza una watu 3,699,872, na Dar es Salaam 5,383,728. Soko letu basi si dogo kwa vichwa. Ni kama theluthi mbili ya lile la Dar es Salaam. Ni dogo kwa mahali maamuzi ya matangazo yanapofanyika. Makampuni ya simu, benki, bia na michezo ya kubashiri yana ofisi za masoko Dar es Salaam, na ofisa masoko wa huko hununua muda wa hewani kwa redio anazozisikia yeye mwenyewe akiwa kwenye foleni ya makutano ya Morocco. Kituo cha Mwanza kinabaki na duka la vifaa vya ujenzi, shule binafsi wakati wa kuandikisha wanafunzi, mhubiri anayelipia nusu saa, na mradi wa shirika lisilo la kiserikali wenye mwisho wake. Zamani palikuwa na kadi za salamu. Msikilizaji aliinunua kadi dukani, akaijaza majina ya shemeji wa Geita, mjomba wa Kahama na rafiki aliyesoma naye Bwiru, akaituma studio, kisha akakaa kando ya redio siku nzima akisubiri kusomwa. Watu wa mjini waliicheka. Lakini ile kadi ilikuwa msikilizaji kuilipia redio yake kwa mkono wake, na orodha ile ya majina ilikuwa ramani ya undugu wa kanda nzima. Simu ya mkononi iliipunguza nguvu, na hakuna kilichoziba pengo lake.

Kituo kinapobanwa hivyo, ratiba huanza kumomonyoka kutoka pembeni. Usiku huachiwa kompyuta inayopanga nyimbo na jingo. Kisha mwishoni mwa wiki. Kisha habari za saa zinakuwa zile zilizonakiliwa mtandaoni, na jioni kituo kinajiunga na idhaa ya nje inayotoa vipindi bure. Kujiunga huko kuliwapa wasikilizaji wetu habari nzuri za dunia, sikatai, lakini kulikuwa pia ni kuikabidhi saa bora ya jioni kwa mhariri aliye Bonn au Washington. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilipozimwa kwa amri ya serikali ya Marekani, vituo vilivyokuwa vikijiunga nayo vilipata mabadiliko ya ratiba ambayo hakuna mmiliki wala msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyeulizwa.

Mtanijibu: kituo kidogo kikikataa mtaji wa nje, au kikikataa vipindi vya bure, kitafungwa, na redio iliyofungwa si ya hapa wala ya kule. Pingamizi hili ni zito. Januari 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilisitisha leseni za vituo 27 vya redio na televisheni kwa kutolipa ada, na katika orodha hiyo walikuwamo RFA, Kiss FM na Star TV. Ikiwa kampuni kubwa kuliko zote jijini ilikwama kwenye ada, tumwambie nini mwenye mnara mmoja wa Sengerema? Lakini tazameni orodha hiyo inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba ada na mapato havilingani. Haithibitishi kwamba ukubwa ni kinga. Marekani, baada ya sheria ya 1996 kuondoa ukomo wa idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchini kote, Clear Channel ilijikusanyia vituo zaidi ya 1,200. Kampuni hiyo, ikiwa na jina jipya la iHeartMedia, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Machi 2018 ikidaiwa mabilioni ya dola. Deni lililotumika kuinunua kampuni yenyewe ndilo lililodai baadaye watangazaji wa miji midogo wapunguzwe.

Mji wa Minot, jimbo la North Dakota, umekuwa mfano unaotajwa popote jambo hili linapojadiliwa. Januari 2002, usiku wa manane, treni iliacha reli na kumwaga amonia. Vituo sita vya mji ule vilikuwa vya Clear Channel, na polisi walipovipigia simu hawakupata mtu wa kuwajibu upesi. Kampuni ilisema tatizo lilikuwa polisi wenyewe kutokuwa na mtambo wa dharura uliopangwa sawasawa, na utetezi huo una ukweli ndani yake. Kwangu mimi unaongeza uzito wa hoja. Mtambo wa dharura huharibika; mtu aliyelala zamu studio huamshwa na ving'ora na kuuliza kuna nini.

Sisi dharura yetu iko majini, tena si ya siku moja. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa yanasema watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria kwa nchi zote tatu. Ndiyo maana mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani tangu 2017, ulisaidia kutengeneza utabiri wa ziwa lenyewe: upepo, mawimbi, mvua na umbali wa kuona. Sasa fikirieni safari ya utabiri huo. Mvuvi wa dagaa huingia majini jioni na taa zake, siku za giza la mwezi, na hurudi alfajiri. Anachohitaji ni maneno matatu kuhusu mawimbi ya upande wake wa ziwa, yasomwe kabla hajasukuma mtumbwi. Redio ya taifa itamwambia, ndani ya taarifa ya nchi nzima, kwamba Mwanza kutakuwa na mawingu kiasi na mvua katika maeneo machache. Si uongo. Haimsaidii kitu.

Au chukueni kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, ndiyo maana kivuko chenye uwezo wa abiria 101 kilijaa kupita kiasi. Siwezi kusema redio ingezuia ajali ile. Chanzo chake kilikuwa usimamizi wa kivuko, na hakuna mtangazaji anayeshika usukani. Ninachosema ni kwamba taarifa ya aina hiyo, kuwa Alhamisi kivuko kinajaa, ilijulikana na kila mchuuzi wa Ukerewe. Chumba cha habari cha mbali huijua baada ya miili kuopolewa. Cha karibu kinaweza kuifanya mada ya Jumatano asubuhi, wiki baada ya wiki, mpaka imkere mhusika.

Wapo watakaosema makundi ya WhatsApp yamechukua kazi hiyo. Kwa sehemu, ndiyo. Bei ya dagaa Mwaloni Kirumba huenda kwa simu haraka kuliko kwa redio. Lakini uvumi nao husafiri kwa kasi ile ile, na katika kundi hakuna mtu mwenye leseni ya kupoteza akisema uongo. Wengine wana hofu ya upande wa pili: kwamba redio ya mji huangukia mikononi mwa mwanasiasa wa mji. Hofu hiyo ni ya kweli, na siidharau. Hata hivyo Diallo, mwenye vyombo vikubwa kuliko vyote jijini, alishindwa kiti cha Ilemela mwaka 2010 na mgombea wa CHADEMA. Msikilizaji anayemfahamu mwenye redio hujua pia pa kumpunguzia nguvu. Mmiliki asiyejulikana, aliyejificha nyuma ya makampuni matatu, ndiye asiyepunguziwa nguvu.

Basi nini kifanyike? Leseni zetu hutofautishwa kwa eneo la usikivu: taifa, mkoa, wilaya na jamii. Hicho ni kipimo cha mawimbi, yanafika wapi. Napendekeza kiongezwe kipimo cha chanzo: saa ngapi kwa siku zimeandaliwa na watu walio ndani ya eneo la leseni, na ngapi kati yake ziko asubuhi na jioni badala ya kufukiwa saa nane usiku. Ada ishuke kadiri saa hizo zinavyopanda, ili kituo cha Sengerema kinacholipa mwandishi wa habari kisilipe sawa na kile kinachorusha kompyuta. Na mamlaka inapoombwa kuridhia kuhamishwa kwa hisa, ahadi ya saa hizo iandikwe ndani ya kibali na imfunge mnunuzi, awe padri, mfanyabiashara wa Kariakoo au kampuni ya Nairobi. Kwa mpango huu sijali sana jina lililo kwenye cheti. Mtasema vituo vitadanganya kwenye fomu, na vingine vitadanganya kweli. Lakini kanuni zinavitaka vihifadhi rekodi za vilichorusha, na udanganyifu wa redio una udhaifu ambao hauko katika ukwepaji wa kodi: ukidai saa kumi jioni ulisoma utabiri wa Ukerewe, watu wote wa Ukerewe ni mashahidi kama ulisoma au hukusoma.